Mkulima amekatwa, deni bado linasomeka

Mkulima wa korosho wa Tandahimba, Mtwara, hana tarehe 30 ya mshahara. Hela yake huja kwa mkupuo, mnada ukishapita na malipo yakashuka benki, mara nyingi kati ya Oktoba na Januari. Baada ya hapo ni palizi na kupulizia salfa, mfuko mkavu. Kumpima mtu huyu kwa marejesho ya kila mwezi ni sawa na kumdai embe mwezi wa Juni.

Nalisema hili kwa sababu benki ya ushirika sasa tunayo. Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa Dodoma Aprili 2025, na mzazi wake mmoja ni wa kwetu: TACOBA, benki ya wananchi ya Tandahimba, iliyoungana na KCBL, benki ya ushirika ya Kilimanjaro. Ikishakuwa benki, inabanwa na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012: taarifa za wakopaji, nani kalipa na nani kachelewa, ziende kwenye kanzidata ya mikopo, wakopeshaji wengine wazione.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja, tena nzito. Mjanja anakopa mlango huu, akibanwa anahamia wa pili, na katika ushirika hela anayokimbia nayo ni akiba ya jirani yake. Halafu kuna wale waliolipa msimu hadi msimu bila kusumbua mtu. Leo hawana cha kuonyesha. Wakienda kukopa ada ya mtoto wanaanza sifuri, na wenye mikopo ya kausha damu wanawasubiri nje. Mimi hii ndiyo hoja inayonishika kuliko ya wajanja.

Lakini tukumbuke 2018. Wakulima walikataa bei ya mnada, Serikali ikatangaza Novemba kwamba itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja. Kisha ukaja uhakiki wa wakulima, na wengine wakasubiri malipo hadi mwaka uliofuata. Mwenye mkopo wakati ule angepita siku 90 bila kulipa, na kwa hesabu za benki mkopo huo ni chechefu, yaani umeshindwa kulipwa kwa wakati. Kosa lake lipi? Korosho alishazikabidhi, stakabadhi anayo mkononi.

Na hapa ndipo pagumu zaidi. Mikopo mingi ya pembejeo haipiti mkononi mwa mkulima. Anayekopa ni chama cha msingi cha ushirika, kisha mwanachama anakatwa juu kwa juu kabla hela haijamfikia. Viongozi wa chama wasipoifikisha benki, nani anaandikwa mdaiwa? Likiandikwa jina la chama, wanachama wote wanafungiwa mlango msimu unaofuata, hata aliyekatwa mpaka senti ya mwisho. Na mambo yakienda sawa, sifa ya kulipa ni ya chama, mkulima haonekani popote. Hasara inamfikia, sifa haimfikii.

India, ambako benki za ushirika zimeingizwa kwenye mfumo wa aina hii, waliona kwamba kumbana mkopaji peke yake hakutoshi. Tangu 2024, malalamiko ya taarifa yenye makosa yakipita siku 30 bila kushughulikiwa, mlalamikaji analipwa rupia 100 kwa kila siku inayozidi. Si hela ya kutisha, lakini inamfanya karani asilikalie faili.

Kwa hiyo sipingi benki kupeleka taarifa. Wanaodai wakulima waachwe nje kabisa wanawalinda kwa kuwaficha, na aliyefichwa hakopesheki. Ninachokataa ni kumwandika mtu kabla ya kutazama karatasi yake ya malipo. Pale chini pana mstari wa makato: kiasi na tarehe. Tarehe hiyo ndiyo isomeke kwenye kanzidata kuwa siku mkulima alipolipa, kwa jina lake mwenyewe. Hela ikichelewa kati ya chama na benki, waulizane wao kwa wao.