Urithi wa dunia, na deni ni la nani?

Mtaani Mkomani, Lamu, kuna nyumba ya mawe ambayo boriti zake za mikoko zimeanza kuoza. Warithi wake ni ndugu saba. Mmoja wao, mzee niliyekaa naye barazani, aliniuliza: "Wasema nyumba hii ni urithi wa dunia. Haya, na huyo dunia mbona hatumuoni siku ya kumlipa fundi?"

Mji wa kale wa Lamu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya Unesco mwaka 2001. Neno la Kiingereza pale ni "heritage"; sisi twalitafsiri "urithi", na wako wanaobishana kama tafsiri hiyo inafaa. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na mzizi wake ni Kilatini "heres", yaani mrithi. Lilianza kama neno la msiba na shamba: fulani kafa, fulani kachukua. Kuliita jengo au ngoma "heritage" ya watu wote ni mambo ya baadaye. Wafaransa wenyewe kwenye mkataba wa Unesco wa urithi wa dunia, wa mwaka 1972, wanasema "patrimoine", neno lenye "pater", baba, ndani yake. Kwa Lamu hapo pana kichekesho kidogo, maana nyumba ya mawe baba alikuwa akimjengea binti yake wa kuozwa.

Wanaolitetea neno urithi wana hoja: heres na mrithi ni mtu yule yule. Wanaolipinga wanasema mirathi ya Kiislamu ina hesabu zake. Mjane mwenye watoto ana thumuni, yaani sehemu moja ya nane, mtoto wa kiume mafungu mawili ya wa kike, na dunia haina fungu. Afadhali tuseme wakfu, mali isiyouzwa wala kugawanywa. Hoja hiyo ilinivuta sana. Lakini wakfu huwekwa na mwenye mali kwa hiari yake, na ndugu saba wa Mkomani hawakuweka chochote. Wameambiwa tu wasipige saruji, watumie chokaa.

Basi nabaki na urithi, ila tuuchukue mzimamzima. Kwa Warumi, heres alibeba mali pamoja na madeni ya marehemu, hata madeni yakizidi mali. Na katika mirathi yetu hagawiwi mtu kitu kabla deni halijatolewa. Kote kuwili deni limo. Limedondoka kwenye vipeperushi vya watalii tu.

Pale darini zinatakiwa boriti sita. Ndugu wameshachanga za mbili.