Nuru itoke kichwani au dirishani?

Kigango chetu hapa Moshi kinataka mchoro nyuma ya altare: Yesu akimwita Mathayo, mtoza ushuru. Kamati imegawanyika. Wazee wanataka duara la dhahabu kichwani na mkono ulioinuliwa kubariki. Vijana wanataka mwanga wa kawaida, uingie kama unavyoingia dukani asubuhi.

Hoja ya wazee ina uzito. Bibi anayekaa benchi la mwisho, macho yamechoka, anapaswa kumjua Bwana mara moja, hata umeme ukikatika.

Lakini tazameni mchoro wa Caravaggio, mchoraji wa Kiitalia, wa tukio hilohilo, wa mwaka 1599 hadi 1600, ambao bado uko katika kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma. Watu watano wako mezani penye fedha. Dirisha lipo ukutani, ila halitoi mwanga. Nuru inatoka kulia, juu ya kichwa cha Yesu, inapita ukutani kwa mshazari hadi kwenye nyuso zao. Duara la Yesu ni uzi mwembamba tu, usipotafuta hulioni. Mkono wake ameunyoosha, kifundo kimelegea, kama mkono wa Adamu aliouchora Michelangelo kwenye dari la kikanisa cha Sistine, Vatikani.

Kwetu mkono huo unasomeka hata kwa asiyewahi kusikia habari za Sistine. Mtu unayemheshimu humwiti kwa kiganja kilichoelekea juu na kidole kilichokunjwa. Unamwita kiganja kikiwa chini. Yesu anamwita mtoza ushuru kwa adabu! Mkono wa baraka hausemi hivyo. Na dhahabu ikibaki kichwani pake peke yake, nani atajua kwamba nuru ilifika mpaka kwenye meza ya fedha? Kijana wa mwisho mezani hajainua hata kichwa, anahesabu sarafu, na bado nuru inamwangukia.

Hata hivyo, giza lililojaa mchoro wa Caravaggio silitaki. Kwenye ukuta wetu mweupe litaonekana kama masizi ya jikoni, na hapo wazee wamenishinda. Uzi wa dhahabu nao ubaki, tena unenepeshwe kidogo kwa ajili ya bibi wa benchi la mwisho.

Kule Roma nuru ya mchoro inatoka upande uleule wa dirisha halisi lililo juu ya altare. Basi mchoraji wetu aje misa ya kwanza, kabla hajashika brashi, aone jua linaingilia dirisha lipi, na Yesu asimame upande huo.