Basi lisilo na makanga ni basi bubu

Jana hapa Amalfi, mji wa pwani kusini mwa Italia, pale kituoni Piazza Flavio Gioia, mtalii mmoja wa kofia kubwa na uso umeiva jua alimfokea dereva wa basi kwa Kiingereza. Na si kufoka kwa kawaida, alikuwa anatamka neno moja moja kwa sauti ya juu kama anaongea na kiziwi. HILI. BASI. LINAENDA. POSITANO? Dere akamwangalia, akainua kidevu kuelekea kale kabango kadogo kalikobandikwa juu ya kioo cha mbele, Non parlare al conducente, yaani usizungumze na dereva, halafu akaendelea na simu yake. Basi yule bwana akatugeukia sisi wa foleni na kutangaza kwamba shida ya Italia ni lugha. Na watu wakatikisa vichwa kukubali! Mimi nilinyamaza, manake hasira zangu za wiki nilishazimaliza Jumapili (nitafika huko), lakini nimelala nayo usiku kucha. Shida si lugha bwana. Shida ni kwamba hakuna makanga, yule konda wa mlangoni.

Kabla hamjanirukia, najua nongwa iko wapi. Mimi ni mtoto wa Malindi, ule mji wa pwani ya Kenya uliozoea Wataliano, na tangu nije kumtembelea dadangu Salerno, mji wa jirani na hapa, binamu zangu hawaishi kunitumia voisi, ati "wewe wa Malindi utashindwaje na Kitaliano?" Nashindwa sana tu. Kitaliano cha Malindi ni cha biashara. Nakijua tangu utotoni, quanto costa (bei gani), domani (kesho), mare (bahari), bella (mrembo) hata kama si bella, naweza kukuuzia vinyago viwili na safari ya bahari kabla hujavaa miwani. Lakini kwenye Kitaliano chetu hakuna basi, manake Mtaliano aliyekuja kwetu hakupanda matatu, alichukuliwa na gari ya hoteli ama alikodi tuktuk. Nani angetufundisha kusema fermata, yaani kituo? Nimefika hapa na msamiati wa kuuza na sina hata neno moja la kushuka.

Sasa hiyo Jumapili. Niko Minori, kitown kidogo cha baharini katikati ya Amalfi na Salerno, nataka kurudi kwa dadangu. Ratiba imebandikwa kituoni, herufi ndogo kama za Biblia ya mfukoni, na juu ya safu moja pameandikwa FERIALE, safu nyingine FESTIVO. Na mimi mtu wa pwani, nikiona feri-kitu akili inakwenda kwenye feri ya Likoni. Isitoshe boti kweli zipo hapa, zinakwenda Salerno na Amalfi. Nikasema basi hiyo safu ya feriale ni ya wanaounganisha na feri. Festivo nikajua ni sherehe, na mimi sioni sherehe yoyote, hakuna ngoma hakuna biriani. Nikachagua saa yangu kwenye feriale nikakaa. Nikakaa wee. Karibu masaa mawili juani, mpaka mvulana mmoja aliyekuwa anapiga mpira ukutani akanihurumia, akaja akaweka kidole kwenye karatasi, akasema oggi festivo. Leo. Kumbe feriale ni siku za kazi, Jumamosi ndani yake, na festivo ni Jumapili na sikukuu. Na usidhani umemaliza, kuna safu nyingine zina vinyota, na chini kabisa nyota imeelezwa, isipokuwa Jumamosi, ama siku za shule tu. Mtu anayeng'ang'ana na lugha unampa nyota!

Halafu tiketi. Huwezi kuingia tu ukampa mtu nauli. Tiketi inauzwa kwa muuza sigara, ndio, sigara, unatafuta duka lenye bango la herufi T, na duka hilo mchana linafungwa mwenye duka akale na apumzike, na Jumapili usiulize. Ukibahatika utaipata kwenye baa fulani ambayo haijaandika popote kwamba inauza tiketi. Ukishaipata haijawa tiketi bado! Lazima ukipanda uitie kwenye kamashine ipigwe muhuri, la sivyo mkaguzi akija wewe ni mwizi kama mwizi mwingine. Rafiki ya dadangu alipigwa faini na tiketi iko mkononi, amelipia, safi, haina muhuri tu. Alilia kwenye basi mama wa watu. Hawa ndio watu walioweka jukwaa lao baharini pale Ngomeni karibu na Malindi, wakarusha setilaiti tangu 1967, mabibi zetu wakitazama kutoka shambani. Mbinguni wamefika. Kukuuzia tiketi mlangoni mwa basi imewashinda.

Na hapa ndipo namrudia makanga, manake tunamtukana kila siku na hatumjui thamani yake. Mtu atoke Korea, atoke Chile, ashuke pale steji ya Mombasa hajui hata jambo, asome nini? Hakuna cha kusoma. Kuna mtu ananing'inia mlangoni anaimba Malindi Malindi Malindi, Kilifi Malindi. Unasema neno moja, jina la unapokwenda, hata ukilikosea. Anakushika mkono, anakutafutia kiti, begi lako analijua, anakuja mwenyewe kuchukua nauli, chenji utaisubiri lakini anaikumbuka ukimkumbusha mara tatu, na ukifika anapiga bati pa pa na gari linasimama, "mzungu, wako ni hapa." Yeye ndiye ratiba, yeye ndiye bango, yeye ndiye kamashine ka muhuri. Ukimuuliza gari linatoka saa ngapi atakudanganya, sawa, "tunatoka sasa hivi" na gari lina watu wanne. Ikinyesha nauli inapanda, hilo pia sawa. Na mdomo wake, Mungu amsamehe. Lakini hujawahi kusimama steji masaa mawili hujui kama gari lipo ama halipo, manake kuna mtu kazi yake ni kusema.

Hapa wamemtoa huyo mtu, kazi yake wameigawa kwa karatasi, duka la sigara na kamashine, na aliyebaki peke yake kwenye basi wamembandikia bango usizungumze naye. Halafu mgeni akikwama tunaambiwa ni lugha. Ningejua Kitaliano chote cha Dante bado ningeukuta mlango wa muuza sigara umefungwa.

Naam, kuna app ya tiketi. Ifungue pale kwenye kona ya mlima ambako neti hakuna, halafu unitumie risiti. Na dereva wao nawavulia kofia, sina neno, ile barabara ya 163 imekatwa kwenye jabali na upana wake ni kama wa chochoro za Lamu mtu akizidisha kidogo, mabasi mawili yanapishana vioo vinataka kubusiana, dere anapiga honi kabla ya kona na kiwiko kimoja kiko dirishani. Msimu wa watalii kuna siku magari madogo yanapangiwa zamu kwa namba ya mwisho ya pleti, witiri leo shufwa kesho, kwa hiyo wote tumebanana kwenye basi. Na mgomo, sciopero, dadangu anasema ningejifunza hilo neno kabla ya ciao, hasa nikiwa na safari ya Ijumaa.

Turudi jana. Tulipanda, mimi na yule bwana kofia nyuma yangu, bado ananung'unika. Nimesimama natafuta kamashine, nyanya mmoja ameketi na kapu la malimau, yale malimau yao makubwa kama maembe, akaninyang'anya tiketi mkononi bila kuomba, akamkabidhi mtu wa mbele yake, yule akampa wa mbele zaidi, nikasikia mlio, tiketi ikarudi na muhuri. Akamnyooshea mkono bwana kofia. Bwana akarudi nyuma kama anaibiwa. Nyanya akautikisa ule mkono, lete, lete. Akatoa. Ikaenda ikarudi. Halafu akatuuliza, Positano dove? Sponda? Chiesa Nuova? Mimi nikajua leo niko salama, manake hilo swali ni la makanga, unashukia wapi pale Positano, kuna vituo viwili na cha pili kitakuacha juu kabisa mlimani. Nikasema mare, neno langu la Malindi. Bahari. Akasema Sponda, amekata shauri, na akamfokea dere kutoka kiti cha nne habari zetu zote, na dere mwenye bango lake akajibu, na mama mwingine akachangia, basi zima likawa linazungumza na dereva.

Nyanya alishuka Praiano. Kabla hajashuka alimgonga kijana wa shule begani, akamwonyesha sisi wawili kwa kidole, akasema Sponda. Kijana akatoa kisikilizio sikio moja, akatutazama, akakirudisha. Kona kumi mbele akabonyeza kengele, akatuangalia, akasema, "Qui." Hapa.

Tukashuka. Bwana kofia akaniuliza Kitaliano nimejifunzia wapi. Nikamwambia Malindi.