Mto Thames Unaanzia Wapi Hasa?

Ukifika Thames Head, karibu na kijiji cha Kemble huko Gloucestershire, utakuta jiwe chini ya mti, limeandikwa kwamba hapo ndipo chanzo cha Mto Thames. Maji yenyewe mara nyingi huyaoni. Ni malisho makavu tu. Katika ukame wa Agosti 2022, maji yalianza kuonekana Somerford Keynes, kilomita zipatazo 8 mbele.

Ndiyo maana wapo wanaoshikilia kuwa chanzo halisi ni Seven Springs, karibu na Cheltenham, ambako nako kuna kibao cha Kilatini kinachomwita Thames baba. Kijito cha Churn hutoka hapo, hupita Cirencester na kuungana na Thames mjini Cricklade. Ukipimia huko, Thames unaongezeka kilomita zaidi ya 20. Sasa unahesabiwa kuwa na kilomita 346, nyuma ya Severn wenye 354, kwa hiyo hesabu hiyo ingeutoa Severn kwenye nafasi ya kwanza Uingereza.

Mwaka 1937 suala hili lilifika bungeni. Waziri wa Kilimo, W. S. Morrison, alijibu kuwa si lazima chanzo cha mto kiwe kile kilicho mbali zaidi na bahari. Jibu lina uzito: Missouri ni mrefu kuliko Mississippi, lakini zikishakutana, jina linaloendelea hadi baharini ni Mississippi.

Kwa upande wa jina, Churn haina dai lolote. Julius Caesar aliuandika mto huu Tamesis, akisimulia uvamizi wake wa mwaka 54 KK. Pale Oxford wanauita Isis, na zamani wengi waliamini kwamba Tamesis ni Thame, mto unaoingia karibu na Dorchester, uliounganishwa na Isis. Haiwezekani, kwani Tamesis liliandikwa karne nyingi kabla Isis halijaonekana popote. Inaelekea Isis ni mkia tu wa Tamesis uliokatwa.

Kwa hiyo jiwe la Kemble libaki, maana vizazi vingi vimeuita mkondo ule Thames. Ninachokipinga ni kulitumia jina hilo kuamua urefu. Urefu ni suala la maji na umbali, na maji ya mbali zaidi yanayofika London kwa njia ya mto huu yanatoka Seven Springs. Majedwali ya jiografia yapimie huko.