Gereji ya Vicenza na daftari lililopotea Kampala

Ukimuuliza shabiki wa rali hapa Kampala ni Mganda yupi aliyetwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1999, atakutajia Charles Muhangi kabla hujamaliza swali, na ukimuuliza juu ya mwanamke aliyewapiku wanaume na kuwa bingwa wa taifa mwaka 2011, atakutajia Susan Muwonge. Muulize sasa ni nani aliyeyafunga magari yao, nani aliyechagua matairi usiku wa kuamkia mashindano, na gereji ile iko wapi leo. Nimeyauliza maswali hayo Kisekka na Ndeeba, kwa watu wanaotambua kipuri kwa kukipapasa tu, na mara nyingi nimejibiwa kwa kicheko.

Kwa sababu hiyo nimekuwa nikiifuatilia kwa miaka kadhaa timu moja ya Italia ambayo haijawahi kushiriki Formula 1, nikiamini kwamba historia yake inatuhusu kuliko historia ya Ferrari. Timu hiyo ni Prema. Ilianzishwa mwaka 1983 na Angelo Rosin na Giorgio Piccolo, na makao yake yako Grisignano di Zocco, katika mkoa wa Vicenza. Kazi yake ni magari ya kiti kimoja yenye magurudumu ya wazi, katika madaraja ya vijana: Formula 4, Formula 3, na daraja lililoitwa GP2 kabla ya kubadilishwa jina kuwa Formula 2 mwaka 2017. Timu ya namna hii haitengenezi gari lake. Katika Formula 2 kila mmoja hupewa bodi ileile ya Dallara, injini ileile ya Mecachrome na matairi yaleyale ya Pirelli, kisha kijana, au wazazi na wafadhili wake, hulipia kiti. Kinachobaki kuuzwa na timu ni ujuzi wa watu wake peke yake.

Katika miaka yake ya mwanzo ingekuwa vigumu kutabiri ni mwanafunzi yupi angefika mbali. Mwaka 1990 Roberto Colciago aliiletea Prema ubingwa wa Formula 3 ya Italia, naye hakuwahi kuanza hata mbio moja ya Formula 1. Miaka hiyohiyo alipita hapo kijana wa Kanada ambaye matokeo yake hayakumtisha mtu, Jacques Villeneuve, na mwaka 1997 akawa bingwa wa dunia. Ningekuwa mwenye gereji, ningeukumbuka mfano huo kila mara baba mmoja anapokuja kuniapia kwamba mwanawe ndiye nyota ajaye.

Sehemu ya historia hii inayonivutia zaidi ni ile ambayo wengi huiruka, yaani miaka ya ukame. Mwaka 2003 Ryan Briscoe alitwaa ubingwa wa Formula 3 Euro Series akiwa na Prema, na timu ilionekana imefika. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya Wafaransa wa ASM, timu ya Frédéric Vasseur ambayo baadaye iliendelea kwa jina la ART Grand Prix, nao hawakumwachia mtu nafasi: Jamie Green mwaka 2004, Lewis Hamilton 2005, Paul di Resta 2006, Romain Grosjean 2007, Nico Hülkenberg 2008, Jules Bianchi 2009. Ubingwa wa miaka 6 mfululizo ulikwenda upande mmoja, na vijana wenye vipaji pamoja na fedha zao walielekea huko, kwa kuwa hakuna mzazi anayelipia kiti cha timu inayoshindwa wakati mlango wa inayoshinda uko wazi. Katika hali hiyo timu nyingi hufunga milango. Prema haikufunga. Angelo Rosin aliendelea kupeleka magari uwanjani, mwanawe René akakulia katika kazi hiyohiyo na kuja kuiongoza, na mwaka 2011, miaka 8 baada ya Briscoe, Roberto Merhi akaurudisha ubingwa nyumbani.

Kilichofuata kilikuwa kama mafuriko. Daniel Juncadella alishinda mwaka 2012, kisha katika Formula 3 ya Ulaya wakashinda Raffaele Marciello mwaka 2013, Esteban Ocon 2014, katika msimu ambao Max Verstappen, aliyekuwa timu nyingine, alimaliza wa tatu, Felix Rosenqvist 2015 na Lance Stroll 2016. Mwaka 2017 Lando Norris aliwapokonya akiwa na Carlin, lakini mwaka 2018 Mick Schumacher akalirudisha taji.

Hata hivyo, ushahidi mkubwa kwangu ni mwaka 2016. Prema iliingia GP2 ikiwa mgeni kabisa, ikakabidhiwa gari ambalo wapinzani wake walikuwa wakilitumia tangu mwaka 2011, yaani miaka 5 ya kulijua kila uzuri na kila ubaya wake. Kwa hesabu ya kawaida mgeni angehitaji msimu mmoja au miwili ya kujifunza. Badala yake Pierre Gasly akawa bingwa kwa alama 219, mwenzake Antonio Giovinazzi akawa wa pili kwa alama 211 baada ya kushinda mbio zote mbili za Baku, na timu ikachukua ubingwa wa timu. Mwaka uliofuata Charles Leclerc akashinda Formula 2 katika msimu wake wa kwanza, akifuatiwa na Schumacher mwaka 2020 na Oscar Piastri mwaka 2021, na huyo Piastri alikuwa ametoka kushinda Formula 3 na timu hiyohiyo kwa tofauti ya alama 3 tu. Gari ni moja, injini ni moja, matairi ni yaleyale. Mtu anayesema kwamba yote hayo yalifanywa na madereva pekee anieleze kwa nini madereva hao wote walipatikana katika banda moja.

Najua jibu litakalokuja, nalo ni fedha. Sitalikana. Baba yake Lance Stroll ni bilionea, na msimu mmoja wa Formula 2 hugharimu mamilioni ya euro, kiasi ambacho hakuna familia ya kawaida ya Kampala, wala ya Vicenza, inayoweza kukitoa mfukoni. Lakini fedha zilikuwapo pia katika timu nyingine ambazo leo hazipo. Tena fedha hazikuizuia Prema kuanguka mwaka 2024, gari jipya lilipoingia Formula 2 na timu ikashindwa kulielewa, hata Andrea Kimi Antonelli, aliyekuwa ameshinda nayo Formula 4 ya Italia mwaka 2022 na Formula ya kanda ya Ulaya mwaka 2023, akamaliza wa 6. Mwenzake Oliver Bearman alifanya vibaya zaidi, ingawa mwezi Machi mwaka huohuo, akiwa na miaka 18, aliitwa ghafla na Ferrari kuendesha katika mbio za Formula 1 kule Jeddah na kumaliza wa 7. Mwaka 2025 wote wawili walikuwa Formula 1. Kwa hesabu yangu, kati ya madereva 20 walioanza msimu huo, wasiopungua 8 walikuwa wamepita Prema.

Sisi hatuna uwanja wa lami wa magari ya kiti kimoja, na Afrika nzima haijaona mbio za Formula 1 tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Sidai kwamba tununue magari ya Dallara kesho. Tuna vumbi la Busiika, tuna watoto wanaoendesha pikipiki za motokrosi kabla hawajajua kusoma vizuri, na tuna Pearl of Africa Rally. Tunachokosa ni gereji inayodumu kuliko dereva wake. Miaka michache iliyopita nilisaidia timu moja ndogo ya rali, kazi yangu ikiwa kubeba madebe ya mafuta na kuandika. Fundi mkuu, mzee tuliyemwita Mzee tu, alikuwa na daftari la jalada gumu ambamo aliandika kila kitu: presha ya matairi katika udongo mwekundu uliolowa, urefu wa springi, shokapu ipi ilivuja na baada ya kilomita ngapi. Msimu ulipokwisha, mwenye gari aliliuza kwa mtu wa nje ya nchi, na daftari likaenda na gari kwenye kisanduku cha mbele, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kulitoa. Mzee alirudi kutengeneza matatu. Mwaka uliofuata mwenye gari alinunua jingine, akatafuta mafundi wengine, wakaanza ukurasa wa kwanza.

Mwezi Mei mwaka 2025 Prema ilikwenda Indianapolis, Marekani, kwenye mbio za Indianapolis 500, ikiwa haijawahi kushindana katika uwanja wa duara dufu, na Robert Shwartzman, aliyekuwa bingwa wao wa Formula 3 mwaka 2019, akapata nafasi ya kwanza ya kuanzia. Mgeni wa mwisho kufanya hivyo alikuwa Teo Fabi, mwaka 1983, mwaka uleule Rosin na Piccolo walipofungua gereji yao. Siku ya mbio zenyewe Shwartzman aliingia kubadilisha matairi, breki zikamshinda, akawagonga mafundi wake mwenyewe na mbio zake zikaishia hapo. Nilitafuta katika habari za siku ile majina ya wale waliogongwa. Jina la dereva nililikuta kila mahali.