Sabato ya nyumbani inaanza Ijumaa

Waisraeli walipoelekezwa jangwani jinsi ya kuishika Sabato, hawakuitwa kwenda popote. Waliambiwa kila mtu akae mahali pake, asitoke siku ya saba. Iko Kutoka 16, sura ya mana, chakula walichopewa na Mungu jangwani. Sinai walikuwa hawajafika, na hema la kukutania, mahali pao pa ibada, lilikuwa halijajengwa. Nalikumbusha hili kwa sababu bado nawasikia Wasabato wenzangu wakisema "sikuwa na Sabato wiki hii", wakimaanisha hawakufika kanisani.

Hapa Kenya tulilionja jambo hili sote. Machi 2020 makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona. Julai yaliporuhusiwa kufunguliwa, masharti yalikuwa waumini wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na walio chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Saa moja! Sisi saa moja huishia kwenye shule ya Sabato, na mjadala wa lesoni, somo la Biblia la wiki, ukiwa bado moto.

Wengi tulikimbilia simu. Siyapingi matangazo ya ibada. Kwa mgonjwa aliyelazwa ni neema. Lakini simu inayokuletea hubiri ndiyo inayokuletea ujumbe wa M-Pesa, umbea wa grupu la ukoo na matokeo ya mpira. Ikifika saa sita mchana watoto wameshatazama kwaya kadhaa na hakuna aliyefungua Biblia. Familia iliyokaa mezani ikasoma lesoni, ikaimba nyimbo mbili tatu hata kwa sauti za kukwaruza, naona imeabudu zaidi ya ile iliyotazama ibada tano.

Na meza hiyo haijitengi yenyewe Jumamosi asubuhi. Mana iliokotwa maradufu siku ya sita, pishi mbili kwa kila mtu, ili ya saba pasiwe na kuhangaika. Maandalio ndiyo hayo: nguo zimepigwa pasi, maharagwe yameiva, ugomvi wa wiki umemalizwa kabla jua la Ijumaa halijazama, maana hapo ndipo Sabato inapoanza. Usipokuwa na kanisa la kukuamsha, Ijumaa ndiyo inayokubeba. Kafyu ya korona ya saa moja jioni, kwa taabu zake zote, iliwarudisha nyumbani kabla ya machweo akina baba ambao miaka yote Sabato iliwafungukia kwenye foleni ya magari. Katika nyumba nyingine ilikuwa mara ya kwanza wote kuifungua pamoja.

Kuna watakaonijibu kwa Walawi 23, kwamba Sabato ni kusanyiko takatifu. Ni kweli, na aya hiyo hiyo inamalizia kwa kusema ni Sabato kwa Bwana katika makao yenu yote. Kwa hiyo aliyezoea kochi tangu korona, na kanisa liko wazi hatua chache kutoka kwake, asijifiche nyuma yangu. Mimi namtetea asiyeweza: muuguzi wa zamu, bibi ambaye miguu imegoma, dada anayefanya kazi za ndani Riyadh au Muscat na hana ruhusa ya kutoka getini. Huyo dada akiamka mapema akasoma zaburi jikoni kabla ya wenye nyumba kuamka, sioni kwa nini tumwambie amekosa Sabato.

Deni liko kwetu tulio na nafasi. Makanisa yaliposhindwa kukusanyika, namba za kulipia zaka kwa simu zilitufikia haraka sana. Simu za kuwajulia hali wazee waliozuiwa na umri hazikwenda kwa kasi hiyo. Kila Ijumaa mashemasi wangegawana majina ya wasiofika kanisani, ampigie huyu, ampelekee yule lesoni ya karatasi kwa kuwa hana simu janja. Na Jumamosi alasiri, badala ya mkutano mwingine wa kamati, watu wawili waende wakaimbe kwa bibi.