Njia 26, na foleni iko palepale

Kila picha ya barabara za huku ikizunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, lazima atokee mtu aandike, "Wenzetu bwana!" Halafu unafuata mjadala wa kwa nini Dar haijengwi hivyo. Mimi naishi Houston, Texas, na barabara mnayoisifia ndiyo ninayokaa juu yake kila jioni, mguu kwenye breki.

Nianze na hiyo barabara. Inaitwa Katy Freeway, ni kipande cha barabara kuu ya I-10 kinachokwenda magharibi ya mji. Upanuzi wake ulikamilika mwaka 2008 kwa zaidi ya dola bilioni mbili, na pale ilipo pana zaidi, ukihesabu na barabara za pembeni, zipo njia 26. Mitaa kadhaa ya Sinza ingeingia humo na nafasi ikabaki. Miaka michache tu baadaye, safari za saa za kazi zikawa zinachukua muda mrefu kuliko mwanzo. Sababu haina uchawi. Barabara ilipopanuka, watu wakaona wanaweza kuhamia mbali zaidi, makampuni yakajenga nyumba huko porini, na kila nyumba ikaja na magari mawili au matatu. Zile njia zikajaa.

Sasa tazama Morogoro Road. Mwaka 2017 watu walibomolewa nyumba zao kupisha njia nane za Kimara hadi Kibaha, na leo madalali wa viwanja vya Kibamba na Kiluvya hawamalizi sentensi mbili bila kuitaja "njia nane". Anayenunua kule atafika Ubungo haraka, sikatai. Baada ya Ubungo ataungana na wenzake wote. Madaraja ya juu ni hadithi hiyohiyo. La Mfugale pale TAZARA, 2018, na la Kijazi pale Ubungo, 2021, yameyafungua yale makutano kwelikweli. Anayebisha hakuwahi kukaa Ubungo enzi za taa. Ila magari yanayovuka haraka hapo yanakwenda kusubiri mbele. Bagamoyo Road, Morogoro, Nyerere na Kilwa zote zinakimbilia upande mmoja, Posta na Kariakoo, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Zege halibadilishi hilo.

Huku wametuzidi kitu kimoja, na si upana wa barabara. Ni uhakika. Nikifungua simu ikaniambia dakika 50, ni 50, labda 55. Foleni ya Houston inachosha lakini inasema ukweli. Ya Dar haina adabu hiyo: safari ya Tegeta hadi Posta leo inaweza kuwa saa moja na kesho ikawa tatu, barabara ileile. Mvua imenyesha, Jangwani pamefungwa. Lori limekatika ekseli Buguruni. Msafara unapita. Au taa ni kijani kabisa lakini trafiki yuko katikati, amenyoosha mkono, na wote tunatii mkono. Ndiyo maana mtu wa Dar anaondoka nyumbani saa 11 alfajiri kwenda kazi inayoanza saa 2. Anaogopa ile siku moja isiyojulikana kuliko umbali wenyewe.

Na nyinyi mna kitu ambacho mimi sina. Gari langu likiingia gereji hapa, nakuwa kama mtu aliyevunjika mguu. Houston ina treni ya mjini tangu 2004, na mabasi ya kuchukua watu waliopaki magari yao nje ya mji, lakini mtaa ninaoishi hakuna kituo cha kutembea kwa miguu. Dar, ukiwa na nauli tu, daladala, bajaji na boda watakufikisha. Mnalo na basi la mwendokasi lenye njia yake katikati ya barabara, tangu 2016, Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Kazi ngumu, ile ya kuipata njia yenyewe, imeshafanyika. Mabasi yangetosha, na magari yasiyohusika (yakiwemo ya wakubwa) yakaacha kuchepukia humo, nisingekuwa na hamu ya kusikia mtu akiniombea njia kumi nyingine.

Nayasema haya kwa sababu mpwa wangu anahamia Dar kutoka Mbeya, amepata kazi Posta, na swali lake la kwanza lilikuwa la gari, "Mjomba, ninunue IST au Vitz?"

Nikamwambia kwanza utafute pa kulala. Kazi ni Posta, basi angalia mstari wa mwendokasi: Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara. Ingekuwa Masaki au Mikocheni ningekwambia mengine. Usikae Chanika kwa sababu chumba ni rahisi, labda kama una shangazi huko asiyekudai kodi. Mwenye nyumba atataka miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo ukikosea mtaa umekosea nusu mwaka. Na dalali asikuzungushe Jumapili mchana. Jumapili Dar nzima ni karibu. Nenda Jumatatu, saa 12 asubuhi, simama kituoni pale pale ambapo ungesimama kila siku, panda, shuka kazini, uangalie saa.

Ukilazimika kukaa mwisho wa daladala, jifunze kugeuza. Gari linakuja limejaa, linashusha kuelekea kituo cha mwisho. Wewe unapanda hapo kabla halijafika, wengine wanapitia dirishani, unakaa siti, mnazunguka nalo. Konda anapita, anakuuliza, "Unageuza?" Unalipa mara mbili bila kununa, kwa sababu anayepandia kituoni atasimama saa nzima mkono juu, kwapa la mtu puani. Kwa jasho la Februari hiyo nauli ya pili ni halali yake.

Mpwa wangu alinisikiliza, nadhani. Amepata chumba Magomeni Mapipa, kidogo na ghali kuliko alichoonyeshwa Bunju, dakika chache kwa miguu hadi kituoni. Ila bado anaulizia IST. Anasema ni ya wikiendi tu.